Warithi wa Gesi ya Bubujiko

Jina la nchi yetu sitalitaja, kwa kuwa kulitaja hadharani kunahitaji kibali, na kibali changu kimekwisha muda. Itoshe kusema ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina Mtukufu, na ina Wizara ya Vilivyo Chini, ambayo ndiyo inayonilisha. Mimi ni mpiga makofi wa wizara hiyo, daraja la pili. Wa daraja la kwanza hupiga wakiwa wamesimama. Sisi tunapiga tumekaa. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba nitakayosimulia niliyaona mwenyewe kutoka safu ya pili, na kwamba sina ugomvi na mtu yeyote mwenye gari la serikali.

Sheria kwanza, maana bila sheria mtadhani watu hawa walikuwa wendawazimu, kumbe walikuwa wanafuata utaratibu. Sheria ya Vilivyo Chini inasema kila kitokacho ardhini ni cha Serikali, isipokuwa kile kinachotokana na marehemu, ambacho ni cha warithi wake. Hilo la marehemu liliongezwa na Mtukufu wa kwanza, ambaye baba yake alizikwa na meno ya dhahabu, na hakutaka Hazina iyafikie kabla yake. Meno yalipokwisha kufukuliwa salama, akaongeza kifungu kingine: marehemu asiye na mrithi raia, mrithi wake ni Serikali. Baada ya hapo sheria ikalala, na watu wakaisahau.

*

Bubujiko ni kijiji ambacho ardhi yake inacheua. Ukichimba choo, shimo linanguruma. Ukiwasha kiberiti karibu na kisima, nyusi zinaondoka. Wenyeji walishazoea. Bi Somoe Nangwanda, mama mtu mzima anayeishi mwisho wa kijiji, alikuwa amepigilia bomba la chuma uani kwake, akaweka mafiga juu yake, akawasha. Alipikia moto huo tangu alipokuwa bibi harusi na hakuwahi kununua mkaa. Mumewe alikwenda kutafuta maisha, akayapata, hakurudi. Hapo hapo uani palikuwa na kaburi la binti yake wa pekee, Asumini, aliyechukuliwa na surua kabla hajabadili meno.

Ndipo Kampuni ikaja. Ilitoka ng'ambo na kofia ngumu nyeupe, ikanusa, ikatikisa kichwa kwa furaha, ikaenda moja kwa moja mjini kuonana na wakubwa. Muda si muda Waziri wa Vilivyo Chini, Mheshimiwa Gaspari Lukwembe, alifika Bubujiko na magari, maturubai, na sisi wapiga makofi kwenye basi letu.

"Ndugu zangu wa Bubujiko," alisema Waziri, "mna bahati ambayo nchi jirani wanaililia! Miaka yote hii mmelala juu ya utajiri bila kujua. Serikali yenu sikivu imeliona hilo, imehuzunika, na imeamua kuwaondoa juu yake."

Tukapiga makofi. Bi Somoe akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, mama." Kwa umri yeye ndiye aliyepaswa kumwamkia mama huyu, lakini kwetu cheo kinazeesha.

"Hiyo gesi imetoka wapi?"

"Chini, mama."

"Chini kwa nani?"

Waziri akacheka, tukacheka. "Chini kwa Serikali."

"Mimi na gesi hatuna ugomvi, mheshimiwa," alisema Bi Somoe. "Ila mimi sihami. Mwanangu yuko pale uani, mnamwona. Nikifa nataka nizikwe ubavuni mwake, basi, sina ombi lingine kwa Serikali. Lakini kama ni lazima nihamishwe kwa ajili ya hiyo gesi, niambieni kwanza imetokana na nini. Nasikia sheria inasema ikitokana na marehemu ni yetu."

Waziri hakuona hatari. Alikuwa na haraka ya kula, na mbuzi wa mapokezi alikuwa ananukia. Akasema kwa sauti ya mikutano kwamba Serikali haifichi kitu, na kwamba asili ya gesi hii itafuatiliwa hadi tone la mwisho, ingawa gesi haina matone. Tukapiga makofi marefu.

*

Kazi ya kufuatilia akapewa Dakta Nuruana Mshangama, mkuu wa maabara ya wizara, mwanamke mwembamba aliyebobea kwenye kemia ya miamba. Alikuwa na kasoro moja tu kazini: ukimuuliza kitu, anakujibu. Alichukua gesi kwenye chupa, akaipima, akaja kwenye ukumbi wa wizara kutoa majibu. Wizara, kwa kujiamini, ilikuwa imealika redio itangaze moja kwa moja.

"Zamani sana, kabla ya mtu yeyote, Bubujiko ilikuwa bahari," alisema Dakta. "Humo waliishi viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, pamoja na mimea midogo inayoelea. Wakafa, wakazama, wakazikwa kwenye matope. Matope yakaja juu ya matope, na joto la chini likawapika polepole mpaka wakawa gesi."

Waziri akainama kwenye kipaza sauti.

"Walifanyaje?"

"Walikufa, mheshimiwa."

"Halafu?"

"Wakazikwa."

"Na nani?"

"Na matope."

"Una hakika walikufa? Hawakuzimia tu?"

Dakta akaeleza kwa upole. Kaboni, alisema, iko nyepesi na iko nzito, na kiumbe hai anapojenga mwili wake hupendelea ile nyepesi. Gesi ya Bubujiko imejaa nyepesi. Ipo pia gesi inayotoka kwenye kina kirefu zaidi, kwenye mwamba ambao haujawahi kuwa na uhai, lakini hiyo huja na alama zake, na alama hizo hapa hazipo. "Kwa hiyo hii ni ya waliokufa," akamaliza, akakaa.

Sisi safu ya pili hatukuelewa tupige makofi au tutoe pole. Mzee mmoja wa daraja la kwanza alisimama, akakumbuka, akakaa tena.

*

Bi Somoe alisikia redioni. Kabla jua halijafika utosini alikuwa ametandika majamvi uani, ameinjika sufuria kubwa, na kuwaambia majirani, "Tumefiwa." Wanawake wakajifunga kanga viunoni wakaanza kulia. Wanaume wakakaa kwenye mabenchi wakizungumza kwa sauti ya chini kuhusu bei ya ufuta, kama inavyotakiwa msibani. Kwa kuwa marehemu hawakuwa na majina, waliwaita wazee wadogo.

Nchi yetu inaheshimu misiba. Sheria inakataza askari kutawanya matanga, na inakataza mtu kuhamishwa kwenye nyumba yenye matanga mpaka mfiwa mwenyewe akunje jamvi. Hata hivyo kamanda wa polisi alitumwa na mabomu ya machozi. Akafika, akakuta watu wanalia tayari, akaona atakuwa anarudia kazi. Alipewa sahani ya ubwabwa, akala, akasema "poleni sana," akaondoka na mabomu yake.

Wajumbe wa wizara wakaja kila mara kumuuliza Bi Somoe kwa adabu atakunja lini jamvi.

"Wamekufa wengi, baba," alikuwa akiwajibu. "Na hakuna aliyewahi kuwalia hata mara moja. Tumechelewa mno, tutalia taratibu."

Kampuni ikaanza kuuliza maswali. Mtukufu akampigia simu Waziri. Sijui walizungumza nini, ila Waziri alitoka kwenye chumba cha simu amelowa shati hadi mkandani.

*

Ikaundwa Tume ya Kufuatilia Asili, mwenyekiti wake Waziri. Ilikutana kwenye hoteli yenye bwawa, maana fikra za kina zinahitaji maji ya kina. Ikaagiza profesa kutoka ng'ambo, mzee mcheshi mwenye soksi za rangi mbili, ambaye alieleza kwamba uko mwezi wa sayari ya mbali wenye maziwa mazima ya gesi ya namna hii, iliyogeuka kimiminika kwa baridi, na huko hakuna aliyewahi kuishi, seuze kufa. Waziri alimkumbatia mbele ya watu.

"Hayo ni kweli," alisema Dakta Mshangama. "Gesi isiyotokana na uhai ipo, hata humu duniani ipo. Lakini siyo hii."

"Dakta, unaipenda nchi yako?" aliuliza Waziri.

"Naipenda, mheshimiwa."

"Sasa kwa nini unang'ang'ania wafe?"

Dakta akasema hang'ang'anii, walishakufa. Waziri akagonga meza. Akasimama, akavuta suruali juu, akatoa hotuba ambayo watoto wa shule sasa wanaikariri: "Gesi ya Bubujiko haijafa! Haijazaliwa! Haina baba, haina mama, haina shangazi wala binamu! Inatoka kwenye kina cha dunia, mbali kuliko makaburi yote, na kwa hiyo ni yatima wa Serikali!"

Daraja la kwanza wakasimama. Daraja la pili tukapiga mpaka viganja vikawasha.

Kesho yake Gazeti la Serikali likatangaza kwamba msiba wa Bubujiko umefutwa na marehemu wote wamebatilishwa. Dakta Mshangama akakamatwa kwa kosa la kutangaza kifo kisichotokea na kusababisha wananchi kulia bila kibali. Nilimwona akipandishwa kwenye gari. Alikuwa anamtazama Waziri kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyeandika jina lake vibaya. Nikatazama viatu vyangu.

Bi Somoe akaletewa amri akunje jamvi. Malori ya kuhamisha kijiji yakatiwa mafuta. Na pengine hadithi ingeishia hapo, kama Kampuni isingekuwa na wakili.

*

Wakili huyo aliitwa Bwana Osmundi, mtu mpole, mwenye sauti ya kumuamsha mtoto bila kumliza. Alikuja wizarani na mkataba kwapani, akawakuta mawaziri wamekaa kikao.

"Mheshimiwa, tumefurahi sana kuhusu hayo ya kina cha dunia," alisema. "Tuna swali dogo tu. Mkataba wetu unasema Serikali itapata mgao wa gesi asilia."

"Naam, asilia."

"Yaani gesi ambayo asili yake ni hapa."

"Hapa hapa!"

"Lakini umetangaza kwamba asili yake ni kina cha dunia. Naomba kujua, nchi yenu inakwenda chini mpaka wapi?"

Nilikuwapo. Sijawahi kuona watu wakubwa wakiitazama sakafu kwa pamoja namna ile. Waziri wa Kilimo alisema anavyojua yeye nchi inakwenda mpaka jembe linapofika. Wa Ulinzi akasema hapana, mpaka chini ya handaki. Mshauri wa Mtukufu akasema nchi inakwenda hadi kitovu cha dunia, na anayebisha si mzalendo. Bwana Osmundi akakubali kwa heshima, akauliza kama kwenye kitovu hicho, ambapo nchi zote zinakutana, Serikali imeshajenga kituo cha mpaka. Haikuwa imejenga.

"Basi hiyo si gesi asilia," alisema Bwana Osmundi akifunga mkataba. "Ni gesi inayopita njia. Inapita kwenye nchi yenu ikija kwetu. Mgao wa gesi inayopita njia haumo humu. Tutawashukuru tu kwa ukarimu wenu."

Akatoka, akafunga mlango taratibu. Hapo ndipo wakubwa walipoelewa walichofanya. Waliifanya gesi kuwa mgeni ili Bi Somoe asiipate, na sasa hata wao hawaipati. Sikucheka. Niliuma ulimi, na niliuuma kwa nguvu, kwa sababu nikiwatazama nilijua kabisa nani atalipia kosa lao, na hakuwa mtu wa mle chumbani.

*

Gesi ikafa tena alasiri ile ile. Dakta Mshangama aliletwa kutoka mahabusu amevaa ndala.

"Rudia ulichosema," alisema Waziri.

"Kipi?"

"Kwamba walikufa."

"Walikufa."

"Hapa hapa kwetu?"

"Hapa hapa."

"Mungu akubariki, dada yangu," alisema Waziri, machozi yakimlengalenga, na Dakta akarudishwa mahabusu, kwa kuwa kosa la kutangaza mapema lilikuwa bado liko palepale.

Ikatangazwa maombolezo ya kitaifa. Bendera ilishushwa nusu mlingoti. Sisi wapiga makofi tulihamishiwa kwa muda Idara ya Vilio, tukafundishwa kulia kwa sauti ya kwanza na ya pili. Gesi ikapewa kitambulisho cha uraia. Penye picha pakaachwa weupe, maana gesi haionekani, na alama ya dole gumba aliiwekea Waziri mwenyewe. Palipoandikwa "mkazi wa" wakajaza "Bubujiko", na palipoandikwa "asili" wakajaza "asilia".

Bwana Osmundi alitoa pole, akakubali mgao. Likabaki jambo moja: gesi ikiwa ni ya marehemu, warithi ni watu wa Bubujiko. Kwa muda Waziri alikuwa mnyonge, hata chai haipandi. Halafu mtu akamsomea kile kifungu cha pili, cha marehemu asiye na mrithi raia. Akakisikiliza mara moja. Akaomba asomewe tena, polepole, na akaanza kutabasamu kuanzia kona moja ya mdomo.

Haikuhitajika kuua mtu. Sisi ni nchi ya amani. Ilihitajika tu kwamba watu wa Bubujiko wasiwe raia.

*

Akapelekwa Inspekta Njwayo wa Uhamiaji, kijana nadhifu aliyenyoosha suruali ikasimama yenyewe. Aliweka meza uani kwa Bi Somoe, mahali penye kivuli, na kwa bahati mbaya mguu mmoja wa meza ulikuwa juu ya kaburi. Bi Somoe akamwomba auondoe. Akauondoa, akaomba radhi, kwa kuwa alilelewa vizuri.

"Jina, mama?"

"Somoe Nangwanda."

"Asili yako?"

"Hapa."

"Baba yako?"

"Hapa."

"Babu?"

"Hapa."

"Na kabla ya hapo?"

"Babu yake babu. Makaburi yao yako nyuma ya zahanati, nitakupeleka."

"Mama, nijibu vizuri. Wakati Bubujiko ilipokuwa bahari, ukoo wenu ulikuwa wapi?"

Bi Somoe akamtazama kuona kama anatania. "Mwanangu, ilipokuwa bahari hapakuwa na mtu."

"Kwa hiyo hamkuwapo."

"Hakuwapo mtu yeyote. Hata huyo Waziri wako hakuwapo."

"Anayehojiwa hapa si Waziri. Hamkuwapo, mkaja baadaye, mkawakuta wenyewe wamo humu, wamezikwa tayari. Sasa mtu anayefika mahali akakuta wenyewe, anaitwaje?"

Inspekta akaandika kwa mwandiko mzuri: mhamiaji.

"Na wewe, baba, kwenu wapi?" aliuliza Bi Somoe.

"Kaskazini, milimani."

"Milima ilipokuwa haijainuka, ukoo wenu ulikuwa wapi?"

Inspekta akafunga kalamu. "Hilo halijafanyiwa utafiti," alisema, akahamia nyumba ya pili.

Hadi anamaliza, kijiji kizima kilikuwa kimekuja kutoka kusikojulikana. Nilikasirika. Naandika wazi, maana hasira bado haijawekewa kibali. Nilikasirika kwa sababu yule kijana hakuwa mjinga. Alijua, na mwandiko wake haukutetemeka hata kidogo.

*

Siku ya kuhamisha, malori yalipangwa kutoka zahanati hadi kisimani. Wapi yanakwenda, dereva hata mmoja hakuambiwa. Nchi jirani zilishasema hao si watu wao. Watu walipanda na magodoro, kuku na vyungu. Kisima cha kwanza cha Kampuni kilikuwa kimechorwa kwenye ramani katikati kabisa ya uani kwa Bi Somoe, kwa hiyo wakubwa, kamera na sisi tulikuwa pale. Dakta Mshangama pia aliletwa, na pingu mkononi, ili aseme mbele ya kamera kwamba gesi ni asilia. Alishasema, na sasa alikuwa amekalishwa kwenye ndoo.

Bi Somoe akakataa kupanda.

"Bila mwanangu siendi," alisema. "Nilisema nizikwe naye hapa, mmekataa. Basi mfukueni, anifuate niendako."

Waziri akageukia kamera. "Serikali hii ina huruma. Afukuliwe!"

Tukapiga makofi. Askari wakachimba. Wakafika magotini, kiunoni, kifuani. Udongo ulikuwa mweusi, laini, wenye unyevu. Hapakuwa na mfupa, hapakuwa na uzi wa sanda. Miaka ilikuwa mingi na mtoto alikuwa mdogo.

"Kaburi tupu, mheshimiwa," alisema askari.

"Si tupu," alisema Bi Somoe. Akashuka shimoni mwenyewe, akatandaza kanga yake, akaanza kukusanya ule udongo mweusi kwa viganja, kidogo kidogo, akiuondolea mawe na mizizi. Hakuna aliyemzuia. Alipopanda juu alikuwa ameubeba kifuani.

Inspekta Njwayo akasogea. "Mama, udongo ni mali ya Wizara. Hautoki."

"Huu si udongo. Huyu ni Asumini."

"Utathibitishaje?"

Bi Somoe akampita. Alimwendea Dakta Mshangama pale kwenye ndoo, akapiga magoti mbele yake, akaifungua kanga. "Wewe ndiye unayejua vitu vilivyokufa," alimwambia. "Waambie."

Dakta akanyoosha mikono yake yenye pingu. Hakuwa na chupa wala chombo chochote. Akachukua udongo kidogo, akausugua kati ya vidole.

"Ni mtoto," alisema.

"Umepima?" aliuliza Waziri.

"Nimepima."

Nilidhani tumeshinda. Nilikuwa nimeanza hata kuinua mikono. Lakini Waziri alikuwa anatabasamu, na tabasamu lilianzia kona ile ile ya mdomo.

"Vizuri sana," alisema. "Mama, mtoto huyu alizaliwa wapi?"

"Hapa."

"Akafia wapi?"

"Hapa."

"Akazikwa hapa, akageuka ardhi ya hapa, na mtaalamu amethibitisha. Kwa vipimo vyetu vyote huyu ni asilia. Ni raia kamili wa nchi hii." Akamgeukia Inspekta. "Je, mgeni anaruhusiwa kumtoa raia nje ya nchi?"

"Haruhusiwi, mheshimiwa."

"Mrudishe shimoni, mama. Wewe panda lori."

Tuliashiriwa kupiga makofi. Daraja la kwanza walipiga. Mimi nilijifanya nakuna goti, na huo ndio ushujaa wangu wote katika habari hii.

Bi Somoe alisimama na kanga yake. Alimtazama Waziri kwa muda, bila chuki, kama anayetafuta kitu usoni mwake na kuona hakimo. Kisha akaingiza mkono kwenye kanga, akachota, akatia mdomoni. Kwetu wanawake hula udongo wakiwa na mimba, na sokoni unauzwa, kwa hiyo mwanzoni hakuna aliyeshtuka. Akatafuna, akameza. Akachota tena. Inspekta alipomkamata mkono alikuwa amekwisha meza mara ya tatu, na midomo yake ilikuwa myeusi.

"Sasa mrudisheni," alisema.

Waziri akawageukia askari. "Mtapisheni!"

"Mheshimiwa," Inspekta alinong'ona, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi na sote tulisikia, "kumtapisha raia ni shambulio la mwili. Na sheria inakataza kumfukuza nchini mwanamke mwenye raia tumboni. Mpaka ajifungue."

"Atajifungua lini?"

Inspekta akamtazama Dakta. Dakta Mshangama akaanza kucheka, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akacheka mpaka ndoo ikapinduka na pingu zikalia.

Malori yaliondoka na wengine wote. Wako kwenye ghala la pamba mpakani, na pande zote mbili zinasema si watu wao. Sina mzaha wa kutia hapo, kwa hiyo nasema tu kwamba wako huko, na mvua zimeanza. Dakta yuko mahabusu. Bi Somoe amebaki Bubujiko peke yake, kijiji kitupu, askari mlangoni, na mashine za Kampuni zimemzunguka zikiwa zimezimwa, kwa sababu haziruhusiwi kumtikisa mjamzito. Kaburi limefunguliwa na halijafukiwa, na yeye hulala pembeni yake.

Kila asubuhi Waziri humpigia simu askari wa zamu kuuliza kama mama ameshajifungua.

"Bado, mheshimiwa," hujibu askari. "Na leo amekula tena."